Punje Nne kwa Beseni

Juzi nilimpeleka mbwa wa binti yangu kwa daktari wa mifugo, kule Tabata. Si mbwa wangu, nakwambia mapema, maana unanijua. Binti kaenda kusoma, kaniachia nyumba, geti na mbwa. Tumbo lake lilikuwa limejaa vipele vya usaha, manyoya yamenyofoka kwa viduara, na harufu yake imeshaingia mpaka kwenye mapazia. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, alimkagua, akampangusa ngozi kwa pamba, akaniambia ni bakteria wa ngozi, wanatibika. Akanipa chupa ya shampuu ya dawa.

"Unamwogesha mara mbili kwa wiki, mama. Povu likishaenea unaliacha dakika kumi ndiyo unamsuuza. Usifupishe. Dawa ikipita tu haisaidii."

Nikacheka. Yule binti akanitazama, akadhani simwamini. Nilitaka kumweleza, lakini nyuma yangu watu walikuwa wamepakata paka na kuku wao wakisubiri zamu. Kwa hiyo nakueleza wewe.

Sisi tulikaa Kariakoo, nyuma kidogo ya soko, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa cha bibi yangu na mimi. Vingine walikaa wapangaji. Mbele kulikuwa na kibaraza, na kutoka kibarazani ulisikia kila kitu: wauza kahawa wakigonganisha vikombe, mafundi wa mabati, mikokoteni ya kwenda sokoni, na redio tatu zikisoma taarifa ya habari kwa pamoja. Upepo ukitoka sokoni ulileta harufu ya samaki wa ng'onda na karafuu. Ukigeuka ulileta mtaro.

Ilikuwa miaka ya foleni. Tulipanga foleni ya sukari, ya unga wa njano, ya sabuni. Ukichoka kusimama uliweka jiwe mahali pako, na jiwe liliheshimiwa kama mtu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kukaa na jiwe langu. Nilikuwa naruka kutoka foleni hii hadi ile kuona ipi inasogea. Mwalimu wangu aliandika kwenye ripoti kwamba nina akili ila situlii. Bibi aliisikiliza ile ripoti nikimsomea, akasema, "Mwalimu kakuogopa. Angeandika ukweli wote ukurasa usingetosha."

Pua na mdomo na sisi, ukuta mmoja, kulikuwa na duka la maharage na mchele. Mwenye duka alikuwa mjane kutoka Moshi, mama mnene wa sauti nyororo, mtaa mzima tukimwita Mama wa Duka. Alikuwa na mbwa wa rangi ya hudhurungi, masikio yamesimama, jina lake Bosi. Balozi wetu wa nyumba kumi hakulipenda lile jina hata kidogo. "Ndugu, nchi hii haina mabosi," alimwambia Mama wa Duka kila alipopita. Mama wa Duka alikuwa akijibu kwamba jina alilitoa marehemu mumewe, na yeye hana mamlaka ya kulibadilisha. Mumewe ndiye aliyemleta Bosi akiwa mdogo kama kiatu, ndani ya kikapu cha ndizi, akapakatwa kwenye basi kutoka Moshi hadi mjini. Mwaka uliofuata mume akafariki. Mama wa Duka akabaki na magunia na mbwa.

Bibi yangu hakuwa na ugomvi na Bosi, ila hakumgusa. Yeye alikuwa mtu wa swala tano, na mbwa akishalowa kwake ilikuwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Walipokutana uani, maana ua wetu na wa duka ulitenganishwa na makuti yaliyooza, bibi alikusanya khanga yake upande mmoja na Bosi akapita upande wa pili. Waliishi hivyo kwa miaka, kila mmoja akijua mipaka yake.

Kisha mvua za masika zikaja kubwa, stoo ya Mama wa Duka ikavuja, na Bosi akawa analala juu ya magunia mabichi. Kwanza alianza kujikuna. Baadaye manyoya yakaanza kutoka mgongoni na mbavuni, duara moja, mawili, halafu yakaungana. Vikatokea vipele vyenye vichwa vyeupe, vikapasuka, vikaacha magamba. Aliyalamba usiku na mchana. Mpaka wateja wakawa wanasimama mbali na duka na kutaja mahitaji yao kwa sauti.

Mpangaji wa chumba cha nyuma, dada mmoja mshona nguo, alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne. Kichwa cha yule mtoto nacho kikatoka majipu. Dada akaenda moja kwa moja kwa balozi.

Balozi alikuja na daftari lake Jumatatu jioni. Alisimama mlangoni kwa Mama wa Duka, nasi wote tukatoka kibarazani kama watu wa kuhesabiwa. Alisema watu wa jiji wenye bunduki wanapita mtaani kwetu Jumamosi ya wiki ijayo kupunguza mbwa wazururaji na wagonjwa, na yeye ametakiwa kuwaonyesha. "Mbwa akiwa mzima namtetea, ndugu. Akiwa hivi alivyo, simtetei."

"Siku kumi na mbili, ndugu balozi," Mama wa Duka alisema. "Nani anapona siku kumi na mbili?"

Balozi alifunga daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa daftari tu.

Mama wa Duka hakulia pale mbele ya watu. Aliingia dukani, na kupitia ukuta tukamsikia akichota maharage na kuyamimina, akichota na kumimina, bila mteja yeyote.

Sasa bibi yangu, kabla ya kustaafu, alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini kwa miaka mingi. Hakusomea chochote, ila alishika mabeseni na kutazama. Baada ya swala ya alasiri ya siku ya pili alikaa kwenye kigoda chake uani, akamtazama Bosi kupitia makuti kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kamwite mwenye mbwa."

Mama wa Duka akaja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto walikuwa wanaletwa wodini na ngozi kama hiyo. Wale walikuwa watu, huyu ni mbwa, sikuahidi kitu. Lakini vijidudu ni vijidudu. Kwanza, alale pakavu. Pili, mnyoe manyoya kuzunguka vidonda, dawa ifike kwenye ngozi. Tatu, asilambe. Nne, ana viroboto, umtoe viroboto kwa kitana kila asubuhi. Na dawa ninayo."

Akanituma chini ya kitanda kuleta kichupa cha kahawia. Ndani yake mlikuwa na punje nyeusi zinazong'aa, pamanganeti, ile tuliyooshea mchicha na nyanya wakati wa kipindupindu. Ukidondosha punje kwenye maji, inaacha uzi wa zambarau unaozama polepole, kisha maji yote yanageuka waridi. Nilikuwa nikiipenda kuliko mchezo wowote.

"Punje nne kwa beseni," bibi akasema. "Maji yawe rangi ya ufizi wa mtoto. Yakiwa meusi umemchoma. Utazitia wewe, macho yako mazuri. Mimi sitasogea."

Hivyo ndivyo tulivyojipanga. Mama wa Duka alimshika Bosi, upande wake wa makuti, na kumsugua. Mimi nilitia punje na kumimina kwa kata. Bibi alikaa kigodani, hatua sita kutoka kwetu, khanga imekusanywa, tasbihi mkononi. Kwanza sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, magamba yalainike yatoke. Halafu maji ya waridi, taratibu, toka shingoni hadi mkiani. Halafu kusubiri.

Kusubiri ndiko kulikonishinda. Hatukuwa na saa. Bibi alipima kwa tasbihi: azungushe mara tatu nzima ndipo mbwa asuuzwe. Bosi alisimama anatetemeka, anataka kujikung'uta, mimi nasimama kwa mguu mmoja, nabadilisha, nahesabu mabati ya nyumba ya jirani. Nje nasikia watoto wenzangu, nasikia foleni mahali fulani ikisogea.

"Bibi, bado?"

"Bado."

"Bibi, si imeshaingia?"

"Imeingia kwako. Kwa mbwa bado."

Bibi akimaliza tasbihi, Bosi alisuuzwa, akafutwa kwa gunia safi mpaka kwenye makwapa na kati ya vidole, kwa sababu bibi alisema unyevu ndio uliomleta mgonjwa hapa. Kisha Mama wa Duka akamfunga shingoni kola ya kipande cha boksi, kama sahani, asifikishe ulimi mgongoni. Watoto wa mtaa wakajaa kumtazama. Siku baada ya siku tukarudia.

Siku ya tatu dada mshona nguo alitoka chumbani akakuta povu. Ujue ndugu yangu, wakati ule sabuni ilikuwa haionekani. Watu walifulia majani ya mpapai.

"Watu tunafulia majani," alisema, "nyie mnaogesha mbwa kwa sabuni?"

"Ni mgawo wangu," bibi akajibu. "Nguo zangu nafulia majani kama wewe. Mlete mtoto nimwone kichwa."

"Kichwa kakiharibu huyo mbwa."

"Nani kampa nani mimi sijui, na wewe hujui. Mlete."

Dada alisimama kidogo, akamleta. Bibi aliosha kichwa cha yule mtoto katika beseni lingine, kwa mikono yake, akayapaka majipu yaliyopasuka jivii, ile dawa ya bluu ya vidonda, mpaka mtoto akawa na kofia ya bluu. Toka siku hiyo dada alikuwa anatokea kila alasiri na mtoto wake. Alikaa upande wake wa ua bila kumtazama Mama wa Duka, lakini alikaa.

Kufikia Jumatano ya wiki ya pili vipele vipya vilikuwa vimekoma, na harufu imepungua. Ila kwa macho ya mtu wa daftari Bosi bado alikuwa mbwa wa kupigwa risasi: mabaka wazi, magamba mgongoni. Zimebaki siku tatu. Nilikuwa silali vizuri. Darasani nilichora mbwa pembezoni mwa daftari la hesabu. Kila nilipofumba macho niliwaza: kama punje nne zinaponya polepole, nyingi zitaponya haraka. Ilinijia wazi kabisa, kama jibu la mwalimu.

Alasiri ile bibi alichelewa kidogo kumaliza swala. Mama wa Duka alikuwa ameshamsugua Bosi sabuni, akasema tuanze asije akapata baridi. Nikafungua kichupa. Nilichota kwa vidole vitatu kama anayetia chumvi. Maji yakawa meusi ya zambarau. Nilikoroga haraka nikamimina beseni zima mgongoni kabla Mama wa Duka hajageuza macho.

Bosi hakubweka. Alitoa sauti nyembamba ambayo sikujua mbwa anayo. Akachomoka mikononi mwa Mama wa Duka, akaruka makuti, akaingia korido yetu akielekea mlango wa mbele, na nje kulikuwa na mikokoteni na malori ya soko. Mlango wa chumba chetu ukafunguka. Bibi alikuwa bado kavaa khanga ya swala. Alimwona Bosi anakuja, akaniona mimi nyuma yake na beseni, na wala hakukusanya khanga. Alipiga magoti katikati ya korido akamdaka, akamkumbatia shingoni na ile kola ya boksi ikakunjika kifuani pake.

"Maji," alisema. "Leta maji yote."

Tulimaliza pipa. Maji ya siku mbili ya nyumba nzima, ndoo baada ya ndoo. Wapangaji walileta hata ya kwenye mitungi. Bibi alimshika yule mbwa muda wote, akimwambia maneno ya chini chini kama aliyokuwa akiwaambia watoto wodini. Mpaka maji yanayotoka yakawa meupe.

Kisha alinyanyuka, akatoka uani, akachukua udongo kwa viganja vyote viwili, akaanza kuosha mikono. Maji yalikuwa yamekwisha, dada mshona nguo akaenda kuomba ndoo kwa jirani. Bibi aliosha mara saba, polepole, hakuruka hata moja. Akabadilisha khanga, akarudi kuswali upya. Mimi nilisimama ukutani namtazama. Alipomaliza akaniita, akachukua mkono wangu. Vidole vitatu vilikuwa vya kahawia kama vya mvuta tumbaku. Pamanganeti haitoki kwa sabuni, inasubiri ngozi ijibadilishe yenyewe. Aliviangalia kimoja kimoja.

"Ulitaka apone," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Ilikuwa safari ndefu, ile ya ukuta mmoja. Mama wa Duka alikuwa amekaa juu ya gunia, Bosi kalala miguuni, mgongo mwekundu. Nilimwambia yote bila kupumua.

"Jana," akasema, "nilichukua kile kichupa bibi yako alipokiacha uani. Nilikifungua. Nikasikia anakohoa, nikakirudisha." Akatazama mikono yake, nayo ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye vifundo. "Kama asingekohoa, ningekuwa mimi."

Hakunipa adhabu. Alinipa kitana cha viroboto.

Jumamosi walikuja asubuhi, watu watatu na toroli. Tulianza kusikia milio mtaa wa juu, mmoja, kimya, mwingine. Kila mlio Bosi alisimamisha masikio yake ndani ya kola. Balozi alitangulia na daftari.

Akamtazama Bosi. Mabaka, madoa ya kahawia, sehemu ya mgongo imeungua. "Ndugu, huyu amezidi."

Kabla bibi hajasema kitu, dada mshona nguo alitoka kibarazani amembeba mtoto wake. Akamvua kofia ya kitambaa aliyomshonea. Kichwa kilikuwa kikavu, majipu yamefunga, vinyweleo vinaota.

"Mimi ndiye niliyeleta mashtaka," alisema. "Mtoto kapona, kwa dawa ile ile. Huyo mbwa hana kipele kipya hata kimoja, kagueni. Alichonacho mgongoni ni moto wa dawa, walizidisha. Mashtaka yangu nayafuta."

"Nani alizidisha?"

"Mimi," nilisema, na Mama wa Duka naye akasema hivyo hivyo, kwa wakati mmoja. Tulikuwa tumeinua mikono yetu ya kahawia kama wanafunzi.

Balozi alitutazama wote wawili. Aliinama, akapapasa ubavu wa Bosi kwa ncha ya kalamu, akatafuta usaha, hakuuona. Mwenye bunduki alikuwa anasubiri katikati ya barabara, anatazama saa. "Huyu ana mwenyewe," balozi akamwambia hatimaye. "Tuendelee." Wakaendelea. Walipata wanne kwenye mtaa wetu, na mmoja nilikuwa namfahamu, mbwa wa wauza kuku, hakuwa na kidonda chochote ila hakuwa na wa kumsemea. Toroli lilipita mbele yetu. Wiki nzima mtaa ulikuwa na ukimya ambao sikuupenda, nikawa nakimbia kila nilikotumwa.

Bibi alitulazimisha kuendelea na dawa wiki mbili zaidi, hata baada ya Bosi kuonekana mzima. Punje nne, tasbihi tatu. Manyoya yakarudi yote, isipokuwa pale nilipomchoma, pakaota nywele nyeupe upana wa kiganja changu. Bibi akarudia kukusanya khanga yake, na Bosi akarudia kupita upande wa pili. Ila alasiri vichwa vya samaki vilianza kuonekana upande wa pili wa makuti. Nilipomuuliza bibi, alisema ni vya paka. Hatukuwa na paka.

Miaka miwili baadaye duka likakosa cha kuuza na Mama wa Duka akarudi Moshi. Aliondoka juu ya lori, Bosi katikati ya magunia matupu. Bibi hakutoka kuaga, alisema ana nguo za kufua. Alizifua kutwa nzima. Baadaye dereva mmoja alileta habari kwamba Bosi alikufa kizee, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Bibi aliuliza tu kama alikufa akiwa na manyoya yake. Dereva akasema ndiyo, alikuwa anang'aa.

Bibi naye alishaondoka. Nyumba ya vyumba sita iliuzwa, ikajengwa ghorofa la maduka ya simu na vipodozi. Pale uani petu sasa kuna ngazi. Sabuni iko ya kila rangi, dawa iko kwenye chupa yenye maelezo, hakuna anayeomba ndoo ya maji kwa jirani. Sitamani foleni zirudi, usinielewe vibaya. Lakini kule binti yangu aliponiacha nina ukuta wenye vipande vya chupa juu, na majirani ninaowajua kwa rangi za magari yao. Wiki iliyopita mbwa wa nyumba ya pili alilia mchana kutwa. Nilitoka, nikaingia, nikatoka tena. Mwishoni nikaenda nikasimama ukutani, nikafungua mdomo niite, nikagundua kwamba kwa miaka mitatu sijawahi kujua mwenye nyumba ile anaitwaje.